Hatua ya Nne

Msomaji asihangaike kuitafuta Jamhuri ya Tangulia kwenye ramani. Ipo, ila wenyewe hawapendi kuingiliwa. Ni nchi tulivu, ina Rais mmoja tangu wengi wetu tukiwa na meno ya utoto, na ina desturi moja nzuri ajabu: mkubwa akiingia mahali, kila mtu huacha alichoshika, husimama na kumpigia makofi. Mpishi huacha chungu. Kinyozi huacha kichwa nusu. Hata bibi harusi, kama ndiyo kwanza anavishwa pete, huvuta kidole chake ili apate mikono miwili. Watu wa Tangulia hufundishwa hivyo tangu chekechea, na mikono yao huanza kazi kabla vichwa havijafikiri.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sikudhani Mapande, ambaye kwa miaka ishirini na sita alifundisha wakunga katika chuo cha Mkoa wa Kati-Kando. Alikuwa mama mfupi, mkali, mwenye sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya mto. Alijishonea tumbo la bandia la kitambaa, akalijaza pamba, na ndani akatia wanasesere: leo mmoja, kesho wawili. Mwanafunzi alifungwa macho, akapapasa, akasema wako wangapi. Aliyekosea alirudia. Aliyekosea tena alirudia mpaka akalia, na Bi Sikudhani alimwacha alie huku akiendelea kupapasa.

"Lia tu," alikuwa akisema, "lakini mikono isilie."

Kisha ikaja Elimu Bila Kuta. Rais alikuwa ametembelea nchi ya mbali, huko akaonyeshwa mwalimu mmoja akifundisha watu elfu kwa simu, akarudi amefurahi kupita kiasi. Hajamaliza hata kushuka ngazi za ndege, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ule kuta za vyuo ni adui wa maendeleo. Wizara ya Elimu na Mitandao ikaunda Mfumo. Walimu wakapewa siku saba kurekodi masomo yao ya miaka mitatu, ambayo sasa yangesomwa kwa miezi sita. Madarasa yakakodishwa kwa wauza mbolea, tumbo la kitambaa likafungiwa stoo, na wanafunzi wakarudishwa makwao wakasome kwenye vishikwambi. Wale ambao makwao hapakuwa na umeme walipewa barua za kupongezwa kwa uvumilivu wao.

Bi Sikudhani alimuuliza mkuu wa chuo, Dakta Nyambele, atafundishaje mikono kwa kioo.

"Mwalimu," alisema Dakta Nyambele kwa huruma, "hizo ni fikra za ukutani."

Basi wakamrekodia kwenye stoo ya mashuka, mablanketi yamepigiliwa ukutani ili sauti isirudi. Siku ya tano, saa kumi alasiri, alikuwa kwenye somo la tisa tangu asubuhi na tumboni mwake mlikuwa na chai peke yake. Somo lenyewe liliitwa Hatua Kumi za Kumpokea Mtoto. Alishasema ya kwanza, ya pili na ya tatu: mtoto ametoka, mkaushe, mlaze kifuani kwa mama yake. Akafungua kinywa kusema ya nne.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Waziri wa Elimu na Mitandao, Mheshimiwa Daktari Injinia Kanali Mstaafu Tindwa, na waandishi wa habari kumi na wawili nyuma yake. Bi Sikudhani akaweka mwanasesere chini, akasimama wima, akapiga makofi ya kilo, tatu tatu, macho mlangoni. Hakuwaza. Nani angewaza? Mheshimiwa akazungumza dakika arobaini juu ya jinsi yeye mwenyewe alivyozaliwa, hotuba ambayo kwa bahati nzuri haikurekodiwa, kwa sababu makofi yalipokwisha fundi alizima kamera ili naye asikilize. Kisha wakaondoka.

"Tulifika ya ngapi?" Bi Sikudhani alimuuliza fundi.

Fundi alikuwa mtu mtaratibu, aliyeandika kila kipande kwenye daftari. Akahesabu. "Ya nne tumemaliza, mwalimu. Endelea na ya tano."

Naye akaendelea na ya tano, ambayo ni sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili mama asivuje damu. Ni dawa nzuri, imeokoa wanawake wengi. Lakini kabla yake kuna kazi ya nusu dakika, nayo ndiyo hatua ya nne: weka mkono tumboni kwa mama, papasa, uwe na hakika kwamba hamna mtoto mwingine. Kwa sababu kama yumo, na ukachoma, mfuko utajikaza naye akiwa ndani, akose hewa. Hiyo ndiyo hatua iliyobaki nje ya kinywa cha Bi Sikudhani siku ile. Fundi hakuthubutu kukata makofi ya Waziri, na Mfumo, ambao husikiliza kila video na kuiandikia maelezo na mitihani wenyewe, ulisikiliza kwa makini ukaandika.

*

Miezi minne ikapita. Bi Sikudhani akawa mwalimu maarufu asiye na mwanafunzi wa kumwona kwa macho. Kila asubuhi alikwenda chuoni, akasaini, akakaa kwenye harufu ya mbolea mpaka jioni. Siku moja simu yake ikalia.

"Shikamoo mwalimu. Naitwa Zamda, mwanafunzi wako wa Mfumo. Samahani, namba nimeipata kwa shangazi yangu, ulimzalisha zamani. Nina swali dogo tu."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Ile hatua ya nne. Nikishapiga makofi, mikono ninawe tena? Maana huku kwenye mazoezi inakuwa na damu, mwalimu, na nikipiga inaruka."

Bi Sikudhani alidhani simu ni mbovu. "Makofi gani?"

"Ya hatua ya nne." Zamda akasoma, sauti ya mtoto mwenye adabu anayesoma mbele ya darasa. "Mhudumu asimame wima, atazame mlangoni, apige makofi kwa sekunde thelathini. Kisha aendelee na sindano. Kwenye mtihani ina alama kumi na tano."

"Na kupapasa tumbo je?"

"Kupapasa nini, mwalimu?"

Bi Sikudhani akakaa chini, palepale juu ya mfuko wa mbolea. Alimweleza Zamda hatua ya nne ya kweli, mara tatu. Zamda akasema ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kisha akauliza kwa woga kama hiyo nayo ina alama. Alipokata simu, Bi Sikudhani alifungua video yake, akajiona. Alijiona anasimama. Alijiona anapiga makofi kwa uso mtulivu, kama mtu anayejua anachofanya, kisha anachukua sindano. Wanafunzi elfu kumi na mbili walikuwa wameitazama, na mahafali yalikuwa baada ya wiki sita.

"Mungu wangu," alisema, "nimewaua watoto wa watu."

*

Dakta Nyambele alimpokea kwa bashasha. Ofisi yake ilikuwa na kapeti jipya, lililonunuliwa kwa bajeti ya chaki.

"Mwalimu wa nyota tano! Karibu, karibu. Unajua wewe ndiye unayetazamwa kuliko wote nchini, ukimtoa Rais?"

"Dakta, ile video ina kosa. Hatua ya nne si makofi. Naomba irekodiwe upya."

Tabasamu la Dakta Nyambele likapungua. Akaenda kufunga mlango. "Mwalimu, hebu nikuelewe vizuri. Unataka kuyafuta makofi ya Mheshimiwa?"

"Siyafuti! Yabaki, yaongezwe hata vigelegele. Naomba sentensi moja tu, kupapasa tumbo."

"Basi zitakuwa hatua kumi na moja."

"Zitakuwa kumi na moja."

"Rais alizindua Hatua Kumi. Watoto wa shule wameziimba uwanjani, kumi. Sasa wewe unataka kusema Rais hajui kuhesabu?" Akashusha sauti, na hapo alikuwa mkweli kabisa. "Dada yangu, mimi nina watoto watano. Usinitie kwenye haya mambo."

Bi Sikudhani akaandika barua wizarani. Wizara ikajibu kwamba haipokei tena karatasi, kwa kuwa karatasi ni aina ya ukuta, na ikamwelekeza kwa mhudumu wa Mfumo, mashine iliyoitwa Rafiki. Akamwandikia Rafiki kwamba kuna watoto watakufa. Rafiki akamjibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako mazuri! Maoni kama haya hututia moyo." Akaandika tena, kwa herufi kubwa zote. Rafiki akamuuliza kama angependa kujifunza jinsi ya kuzima herufi kubwa.

Baada ya siku tatu za kubembelezana na mashine, alipata kujua utaratibu. Anayetaka kusahihisha somo lazima awe na cheo cha Mhariri, na cheo cha Mhariri hupewa aliyefaulu mtihani wa somo hilo kwa alama tisini. Haya. Bi Sikudhani akavaa miwani, akafanya mtihani wa somo lake mwenyewe. Alipata themanini na tano. Mfumo ukamwonyesha alipokosea, hatua ya nne, na chini yake ukamshauri kwa upole: "Rudia kumsikiliza Mwalimu Sikudhani Mapande. Ni mtaalamu aliyebobea."

Siku hiyo alilia. Hakulia kwa ajili ya alama, msomaji amstahi. Alilia kwa sababu alijua analopaswa kufanya. Kesho yake alifanya mtihani mara ya pili. Alipofika swali la hatua ya nne, mkono wake ulikataa, akausukuma kwa mkono mwingine. Aliandika: mhudumu asimame wima, atazame mlangoni, apige makofi. Mfumo ukampa mia kwa mia, ukapigisha muziki.

Sasa alikuwa Mhariri. Akatuma sahihisho lake, maneno kumi na manne, akasubiri. Zikabaki wiki tatu kabla ya mahafali, zikabaki mbili. Kamati ya Usahihi ilikutana hotelini siku nne ikajadili maneno yale, na jibu likaja lina nembo ya taifa:

"Sahihisho lako limekubaliwa kwa heshima. Ili kutovuruga mtiririko wa Hatua Kumi, litawekwa baada ya hatua ya kumi, sehemu ya usomaji wa ziada kwa wenye muda. Kuhusu hoja yako kwamba hatua ya nne ina kosa, Kamati imeona kwamba tarehe kumi na saba wewe mwenyewe uliithibitisha kwa maandishi na kupata mia kwa mia."

Alisoma barua hiyo amesimama sokoni, mbele ya muuza dagaa. Kumtafuta mtoto wa pili baada ya sindano, baada ya kondo la nyuma, baada ya kunawa mikono na kujaza fomu! Muuza dagaa akamuuliza mama una nini. Akasema hana kitu, akaondoka bila dagaa wake.

*

Mahafali yalifanyika kwenye vishikwambi. Wakunga wapya elfu kumi na mbili walipelekwa zahanati za nchi nzima, na katika kila chumba cha uzazi Wizara ikaweka kishikwambi kwenye nguzo, chenye kamera, kinachomsomea mkunga hatua moja moja kwa sauti ya Bi Sikudhani. Nia ilikuwa njema: mkunga asibabaishwe na kumbukumbu zake. Aliyeruka hatua, kamera ilimwona, na mshahara ulijua.

Bi Sikudhani alikuwa na namba ya mkunga mmoja tu katika elfu kumi na mbili. Akafunga mkoba, akaenda zahanati aliyopangiwa Zamda. Alimkuta ni msichana mwembamba, nadhifu, mwenye cheti cha alama tisini na nane ukutani. Zamda akapiga goti kumwamkia. Na siku ileile, kabla ya saa sita mchana, akaletwa mama mmoja aitwaye Tumu, mkulima wa mihogo, tumbo kubwa, hajawahi kupimwa kwa kuwa kipimo nacho kilikuwa kimehamia mtandaoni.

Mtoto akatoka vizuri, wa kike, akalia. Kwenye nguzo, Bi Sikudhani wa kioo akasema: mkaushe, mlaze kifuani kwa mama yake. Zamda akafanya kwa mikono safi kabisa, mikono ambayo mwalimu yeyote angejivunia. Kisha kioo kikasema hatua ya nne, makofi yakaanza kutoka ndani yake, na Zamda akasimama wima akatazama mlangoni.

"Zamda, papasa tumbo!"

"Mwalimu, siwezi, kamera inaniona."

"Nakuambia mimi! Mimi ndiye mwalimu wako!"

Zamda alikuwa analia huku akipiga makofi, tatu tatu, damu ikiruka kwenye aproni. "Nakusikia wewe hapa, na nakusikia wewe pale. Wewe wa pale ndiye uliyenipa cheti. Nifanye nini, mwalimu? Nina mama nyumbani ananitegemea."

 Bi Sikudhani alimsukuma pembeni, akaweka viganja tumboni kwa Tumu. Sekunde thelathini si nyingi. Alipapasa juu, akapapasa kulia, na pale kushoto, chini ya mbavu, akakuta kitu cha mviringo, kigumu, ambacho vidole vyake vilikifahamu kuliko sura ya nduguye.

"Yumo mwingine! Zamda, usichome! Weka sindano chini!"

Makofi ya kioo yakakoma. Hatua ya tano ikasomwa, ikasomwa tena, na taa nyekundu ikawaka. Sindano ilikuwa mkononi mwa Zamda, lakini hakuchoma. Baada ya dakika ishirini akazaliwa wa kiume, amekasirika, akapiga kelele kumshinda dada yake. Tumu akaangua kicheko na kilio pamoja. Zamda akajaza fomu ya Mfumo, yenye nafasi ya mtoto mmoja. Kwa kuwa alikuwa msichana mkweli, kwenye maelezo aliandika: mtoto wa pili aligunduliwa wakati wa hatua ya nne.

*

Wizara ikalipuka kwa furaha. Mheshimiwa Tindwa akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, "walitucheka. Walisema makofi yana faida gani kwa mama mjamzito. Leo sayansi imejibu! Mtoto amegunduliwa wakati wa makofi. Kama pasingekuwa na makofi, angegunduliwa lini? Kwa hiyo naagiza: kuanzia leo, hatua ya nne iwe dakika moja kamili!"

Ukumbi mzima ukasimama, mnajua wenyewe kufanya nini. Zamda akapelekwa makao makuu, akapewa gari na cheo cha Balozi wa Makofi, kazi yake kuzunguka nchini akiwafundisha wakunga kupiga kwa nguvu. Alimpigia Bi Sikudhani simu mara moja tu, akasema, "Mwalimu, nisamehe," akakata. Na Bi Sikudhani mwenyewe, ambaye kamera ilimwona akimgusa mgonjwa wakati wa hatua ya nne bila kupiga makofi, alifutwa kazi, akafutwa kwenye orodha ya wakunga. Video yake iliachwa. Ilikuwa mali ya umma.

Hakukata rufaa. Alikwenda hospitali ya wilaya, akaomba kazi ya kufagia. Walimpa siku hiyohiyo, kwa sababu ufagio haujaunganishwa na Mfumo. Hospitali ile ina vyumba viwili vya uzazi, kimoja mwanzo wa korido na kingine mwisho, na katikati hatua arobaini za sakafu ya saruji. Haikupata kuwa na korido safi vile. Alifagia asubuhi mpaka usiku, sikio mlangoni. Akisikia makofi, aliacha ufagio, akaingia, akapenyeza mkono chini ya kanga ya mama, akapapasa, akatoka. Wakunga wale vijana, waliokuwa wamesimama wakitazama mlangoni kama walivyofundishwa, walimwona akiingia wakazidisha makofi. Hawakumzuia. Alipowaambia usichome, hawakuchoma, kwa sababu alisema kwa sauti wanayoitii siku zote. Kwa mwezi mmoja na nusu alipata pacha wa pili mara tatu. Usingizini alihesabu zahanati nyingine za nchi, akaamka hajafika nusu.

Alhamisi moja asubuhi makofi yakaanza chumba cha mwanzo. Akakimbia. Ameshika kitasa, akayasikia yameanza na chumba cha mwisho.

Akasimama. Dakika moja ni ndefu kwa kupiga makofi, lakini miguu yake ilikuwa na miaka hamsini na nane. Aliingia cha mwanzo, alichokuwa ameshika kitasa chake. Mama aliyelala pale alikuwa mdogo, karibu wa umri wa Zamda, akamtazama kwa macho ya kuomba. Bi Sikudhani alipapasa haraka, akiomba Mungu pasiwe na kitu ili akimbie kwa yule mwingine. Chini ya kiganja chake kikageuka kichwa.

"Yumo," alisema. "Usichome. Nishike mkono, mama, nipo."

Mama akamshika, akambana, hakumwachia. Mkunga alikuwa na sindano tayari, na Bi Sikudhani alimzuia kwa mkono wa pili. Akapiga kelele kuelekea koridoni kwa ile sauti yake ya kuvuka mto: "Papasaa! Papasa tumbo kwanza!"

Huko mwisho wa korido makofi yakakoma. Akasikia jibu, sauti ya mwalimu mkali asiyependa kurudia maneno.

"Hatua ya tano," Bi Sikudhani wa kioo alimwambia mkunga wa chumba kile. "Chukua sindano."